Saa ya Kuchuma

Mmeuliza wiki hii kama matunda na mboga za nyumbani ni tamu kweli kuliko za sokoni, au ni mapenzi tu ya aliyelima. Kwangu ni tamu kweli, na sababu kubwa ni saa ya kuchuma. Mwenye mti huichagua mwenyewe. Anayelima kwa ajili ya soko huchaguliwa saa hiyo na lori.

Naandika kutoka nje kidogo ya mji wa Tanga, kaskazi ikiwa imeshika na miembe imeinama kwa mzigo. Uani kwetu kuna mwembe wa dodo, mwembe wa boribo, na matuta ya bamia, nyanya na matikiti tuliyopanda kwa mvua za vuli.

Nianze na tikitimaji, maana ndilo linalowakatisha watu tamaa. Likishakatwa kwenye mmea haliongezi utamu hata ulikalishe ndani wiki nzima, litalainika tu. Sukari yake yote huingia likiwa bado limeshikamana na shina. Nyumbani tunatazama kikono, ule uzi wa mmea unaojisokota, kilicho karibu zaidi na tunda. Kikiwa kibichi, tunaliacha. Kikikauka, tunaligeuza kuangalia pale lilipolalia udongo: doa likiwa jeupe, bado; likiwa la njano kama siagi tunakata. Kuligonga kwa kidole tunaligonga pia, lakini mimi naliamini doa kuliko mlio. Nanasi na chungwa nayo hayazidi utamu yakishachumwa. Na rangi ya chungwa isikuhadae: huku pwani usiku hauna baridi ya kuligeuza ganda, kwa hiyo chungwa la Muheza laweza kuwa kijani na huku limeiva barabara.

Embe ni habari nyingine, na hapa natofautiana na wanaosema kila tunda liachwe liivie mtini. Embe hujiwekea wanga, na likishakomaa wanga huo hugeuka sukari hata likiwa kapuni. Ukingoja liivie juu, popo na nzi wa matunda watakutangulia. Yule nzi wa kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuenea upesi mpaka huku kwetu, hutaga mayai chini ya ganda. Unapasua embe zuri unakuta mabuu. Ndiyo maana tunaangua embe lililokomaa lakini bado gumu, mabega yamejaa hadi kukipita kikonyo, ganda limeanza kupoteza mng'aro. Upembo wetu una mfuko wa wavu, kwa sababu embe likidondoka chini huvilia ndani na kuoza upande mmoja kabla ya upande wa pili kuiva. Kikonyo tunakiacha kirefu, kisha tunakikata tukiwa tumeliinamisha embe ili utomvu uchuruzike chini. Ukimwagikia ganda huliunguza likaota weusi, na ngozi ya mtu nayo huibabua.

Baada ya hapo tunavundika kwenye sanduku lenye majani makavu, pamoja na ndizi mbivu mbili tatu, maana ndizi hutoa gesi ya ethilini inayoyaivisha maembe. Embe la kabaidi, yaani lililoivishwa kwa kemikali hiyo, silitaki kabisa. Huchumwa changa, likalazimishwa kuwa la njano kwa nje, ndani likabaki chachu, na ile kabaidi huweza kubeba mabaki ya arseniki na fosforasi. Kuwalisha watoto kitu kile ni dhambi.

Boribo likifika, harufu yake hukutana nawe mlangoni. La kwanza hukatwa vipande akapewa kila aliyemo nyumbani, mama mkwe wangu kwanza. Akitikisa kichwa, yaliyobaki sandukuni hayaguswi mpaka kesho yake.

Bamia haingoji mtu. Ua likishaanguka, ndani ya wiki moja lazima uichume, la sivyo inakuwa nyuzi tupu. Vunja ncha: ikikatika kwa mlio ni changa, ikipinda iachie mbegu. Tunachuma asubuhi, mikono imefunikwa kwa sababu ya vinyweleo vinavyowasha, na mchana huohuo inaingia kwenye tui.

Nyanya nina ombi moja tu: zisiwekwe kwenye friji. Baridi ya chini ya nyuzi joto 12 hivi za Selsiasi huziua harufu, na nyanya isiyonukia hata kachumbari haiiwezi.

Ndugu yangu usiye na ua, nunua embe gumu lililojaa mabega ukalivundike mwenyewe. Tikiti na nanasi nunua yaliyokwisha kuiva, umuulize na muuzaji yalichumwa lini. Nanyi wenye miembe, okoteni yaliyoanguka kila asubuhi, myafunge kwenye mfuko mweusi na kuuanika juani mpaka mabuu yafe, maana nzi wa kwako kesho yuko kwa jirani.