Mwanangu, hicho kifua kinachowaka moto

Mwanangu,

Meseji yako ya Jumapili nimeipata. Unauliza kama ni kweli nilivyokuwa nikiwafokea mkiwa wadogo, kwamba anayekula amelala chakula hakishuki, maana siku hizi huko Nakuru unakula ugali saa nne usiku kitandani, simu mkononi, kisha kifua kinawaka moto.

Hapo nilikosea. Chakula hushuka hata ukiwa umelala, kwa kuwa misuli ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni, hukisukuma mpaka tumboni. Ila ukila chali, tonge linaweza kukupalia, na hilo si mchezo.

Balaa lako linakuja baada ya kula. Pale umio unapoingia tumboni kuna msuli wa mviringo unaopitisha chakula kisha unajifunga, tindikali ya tumboni isipande. Ukikaa wima, tindikali hubaki chini. Ukijilaza umeshiba, inafika mlangoni kabisa, na msuli ukilegea kidogo tu, kiungulia hicho. Kujikunja juu ya simu na kukaza mshipi navyo vinalibana tumbo.

Baba yako aliteseka hivyo miaka. Akitoka zamu anakula samaki wa kukaanga, anaanguka kochini kungoja habari. Usiku anaamka akikohoa na kutafuna makaa akidhani yatatuliza moto. Kilichomsaidia ni kula mapema, akae kama masaa matatu kabla ya kulala, na matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, sentimita 15 hadi 20. (Mimi nikawa nateleza kuelekea miguuni mwezi mzima.) Usirundike mito, itakukunja tumbo tu. Lalia ubavu wa kushoto: ukilala hivyo tumbo linakaa chini ya umio, na tindikali haipandi kirahisi.

Kula mezani sikulazimishi. Nyanya yako alikula mkekani maisha yake yote, miguu ameikunja upande, na sikumsikia akilalamika.

Lakini chakula kikianza kukwama, ukikonda bila sababu, ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, achana na matofali, nenda hospitali. Na kifua kikibana huku maumivu yakienda mkononi na jasho likikutoka, usikiite kiungulia. Nenda usiku huohuo.

Omena (dagaa) nitawapa watu wa matatu Ijumaa hapa Kisumu wakuletee. Uzipike saa moja, si saa nne.

Mamako