Muulize Mwalimu: Kipimajoto kimegoma kwenye 96

*Shikamoo Mwalimu. Mimi nasoma uhandisi mwaka wa tatu hapa Dodoma. Tuko wanane, na kila Jumamosi asubuhi tunapanda daladala kwenda shule moja ya msingi kufundisha sayansi watoto wa darasa la sita na la saba, kwa kujitolea. Wazo tuliliiga kwa wanafunzi wa chuo cha teknolojia cha MIT kule Marekani, ambao walianza kufundisha wadogo zao mwaka 1957.*

*Juzi niliwaambia watoto kwamba maji huchemka kwenye nyuzi joto 100, tukabandika sufuria jikoni. Maji yametokota mpaka yanakaribia kuisha, kipimajoto kimegoma kwenye 96. Mtoto mmoja akauliza, "Sasa kaka, tuandike ipi?" Nikamwambia waandike 100, kipimajoto ni kibovu. Darasa zima likacheka. Je, ninunue kingine cha bei kubwa? Na la pili: nikifundisha nyenzo, zile mashine rahisi za kuinulia mizigo, wananyamaza kama wako msibani. Nakosea wapi?*
— Kaka wa Jumamosi, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Mbukwenyi, kama wasalimiavyo Wagogo. Pesa yako tulia nayo. Kipimajoto kimesema kweli, aliyesema uongo ni wewe, ingawa hukukusudia.

Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa iliyoyalalia. Pwani hewa hiyo ni nzito, kwa hiyo maji yanadai nyuzi 100. Sisi Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyobaki juu yetu ni pungufu, maji yanaachia mapema. Kuna hesabu ya harakaharaka niliyokuwa nikiwapa wanafunzi wangu: kila ukipanda mita 300, toa nyuzi moja. Gawanya 1,100 kwa 300, unapata tatu na ushee; toa kwenye 100, umeangukia 96 na kitu. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, maji yanachemka kwenye nyuzi 80 hivi, na mwenye kubandika maharage huko atalala njaa. Hesabu hiyo ya kugawanya darasa la sita wanaiweza, wape waifanye wenyewe.

Sikucheki, maana yalinikuta. Miaka ya themanini, nikiwa mwalimu mpya wa fizikia, msichana wa kidato cha pili aliniletea daftari limeandikwa 96. Nikapiga mkasi kwa wino mwekundu, nikaandika "rudia". Akarudia, 96. Akarudia tena, 96. Mara ya tatu akaniletea 100, nikampa vema kubwa. Mwaka uliofuata ndipo nilipokaa na kitabu kingine nikaelewa nilichofanya: nilimfundisha mtoto wa watu kughushi, na nikampa maksi kwa kazi hiyo. Alikuwa ameshahama shule. Sikupata nafasi ya kumwomba radhi, lakini wewe unayo, Jumamosi ijayo.

Unamjua Erasto Mpemba, bila shaka. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friji yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza jambo hilo Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuja kuwatembelea. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne naye angeweza kusema friji ni bovu, yakaisha. Badala yake alirudi chuoni, jambo likajaribiwa, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanasayansi wanalibishania hadi leo.

Kwa hiyo rudi, waambie "nilikosea", kisha kila kundi lichemshe maji yake. Ncha ya kipimajoto isiguse kitako cha sufuria, hapo pana joto zaidi na mtapata namba za ajabu. Jiko la mkaa libaki nje, kamwe lisiingie darasani. Na kama kipimajoto chenu ni cha zebaki, watoto wasikishike kabisa.

Haya, nyenzo. Nahisi unawasemesha Kiingereza bila kujijua. Sekondari hadi chuo, ni kama miaka tisa umesoma kwa Kiingereza. Hao wanasoma kwa Kiswahili. Azima kitabu cha Sayansi na Teknolojia cha mtoto yeyote, kisome usiku wa Ijumaa. Maneno yapo: egemeo (pale nyenzo inapoegemea), mzigo, jitihada (nguvu unayotia). Halafu achana na ubao. Tafuta toroli na madumu manne ya lita ishirini yaliyojaa, yaani kilo 80. Waulize yapangwe wapi ili toroli liinuke kwa urahisi. Watoto wa Dodoma wameyasukuma maji tangu wana akili. Watakwambia karibu na gurudumu, na watakushangaa kwa kuuliza. Hapo waulize kwa nini, kisha unyamaze wewe. Mabishano yakipamba moto, ndipo uwaambie toroli ni nyenzo, na gurudumu ndipo penye egemeo.

*Mwalimu, habari za siku nyingi. Mwanangu wa darasa la sita anafundishwa sayansi na vijana wa chuo kila Jumamosi. Wiki hii kaifungua redio yangu ya betri yote, kairudishia. Redio inalia vizuri tu, lakini skrubu mbili zimebaki mezani. Nimchape?*
— Mama wa Nkuhungu

Nzuri, mdogo wangu. Redio inalia, fimbo ya nini? Skrubu zitie kwenye kikopo, usizitupe. Ila mkanye jambo moja, na umkanye kwa ukali: kifaa cha kuchomeka ukutani asikifungue peke yake, hata akikichomoa kwanza, kwa sababu baadhi ya vitu vya ndani hubaki na umeme. Akisikia hamu, apeleke swali kwa hao kaka zake. Na redio ikianza kukoroma ukiongeza sauti, basi zile skrubu ni za spika.