Vijiti vya 7018 vinatoa vitundu na ufa: tatizo liko wapi?

Swali: Mimi ni fundi wa mageti na madirisha mjini Tanga, na kwa miaka mingi nimechomelea kwa vijiti vya 6013 vya milimita 2.5 bila taabu. Mteja aliniletea mkono wa trela uliokatika, nikashauriwa ninunue 7018 kwa kuwa vina nguvu zaidi. Pakiti niliyotumia ilikuwa imekaa wazi stoo tangu masika. Kijiti kiliganda kwenye chuma mara kwa mara, mshono ukajaa vitundu, na kesho yake nikaona ufa pembeni mwa mshono. Mashine yangu ni ya transfoma. Je, nivianike vijiti juani?

Jibu: Ndugu fundi, kuvianika juani hakutavirudisha katika hali yake, na mkono huo wa trela usiruhusiwe kuingia barabarani kama ulivyo.

Namba mbili za mwanzo, kwa mfumo wa Chama cha Uchomeleaji cha Marekani, zinaeleza nguvu ya chini kabisa ya chuma cha mshono kustahimili kuvutwa bila kukatika: 60 ni pauni 60,000 kwa inchi mraba, yaani takriban megapaskali 410, na 70 ni takriban megapaskali 480. Namba 1 inayofuata ina maana kwamba kijiti kinafaa katika mikao yote, ikiwemo ya kuchomelea juu ya kichwa. Chuma laini cha kawaida huvumilia takriban megapaskali 400, kwa hiyo hata 6013 inakifikia, na aliyekushauri kwa hoja ya nguvu peke yake hakugusa jambo lenyewe. Jambo lenyewe liko kwenye namba ya mwisho, ambayo pamoja na ile iliyoitangulia hueleza aina ya mpako, yaani ganda linalofunika waya wa kijiti, na mkondo wa umeme unaokubalika.

Mpako wa 6013 una titani kwa wingi. Huwaka kwa urahisi, hutulia kwenye mkondo geu (AC) na husamehe mambo mengi. Mpako wa 7018 umetengenezwa ili uingize haidrojeni kidogo sana kwenye mshono, na ndiyo maana hupendekezwa kwa vyuma vinene, vyenye kaboni nyingi au vinavyobeba mizigo. Haidrojeni hutokana na maji. Tao la umeme, yaani mwako kati ya ncha ya kijiti na chuma, huyavunja maji yaliyomo kwenye mpako, haidrojeni ikaingia kwenye chuma kilichoyeyuka, kisha ikajikusanya pembeni mwa mshono, mahali ambapo chuma kimekuwa kigumu kwa kupoa haraka. Hapo hupasua polepole, na ufa unaweza kujitokeza baada ya saa kadhaa au hata siku mbili. Ufa wako wa kesho yake una sura hiyo hasa. Kijiti cha 7018 kilicholowa kimepoteza sifa uliyoinunulia.

Jua huondoa unyevu wa juu tu. Maji yaliyokwisha kuingia ndani ya mpako yanahitaji joto la nyuzi 260 hadi 430 za Selsiasi kwa saa moja au mbili, kwa kufuata maelezo ya kwenye pakiti, na oveni nyingi za jikoni huishia nyuzi 250. Wapo mafundi wanaokigandisha kijiti kwenye chuma makusudi hadi kiwe chekundu ili kikauke. Nakusihi usifanye hivyo, kwa sababu mpako huungua na kupasuka.

Vitundu navyo visomwe vizuri. Vikiwa mwanzoni tu mwa kila mshono, hata kijiti kikavu huweza kuvileta: washa tao sentimita moja hivi mbele ya unapotaka kuanzia, urudi nyuma, kisha upite juu ya pale ulipowashia. Vikienea mshono mzima, tafuta unyevu, rangi, kutu au mafuta kwenye chuma, au tao refu mno. 7018 inataka ncha ikae karibu sana na chuma, umbali usiozidi unene wa waya wa ndani.

Kuganda kunaweza kutokana na mashine. Vijiti vingi vya 7018 hutaka volti 65 hadi 70 au zaidi kabla tao halijawaka, ilhali transfoma nyingi ndogo hutoa takriban 50. Azima mashine ya mkondo mnyoofu (DC), uweke kijiti upande wa chanya, na kwa kijiti cha milimita 3.2 anzia ampea 110 hivi.

Kwa kazi hii, saga mshono wote wa zamani pamoja na ufa hadi ufikie chuma kizima, kwa kuwa kuchomelea juu ya ufa huuficha tu. Fungua pakiti mpya siku ya kazi, toa vijiti utakavyovimaliza ndani ya saa 4, na vilivyobaki virudi kwenye kabati lenye joto la nyuzi 120 au zaidi. Usipokuwa nalo, vitumie kwenye kazi zisizobeba mzigo. Pasha mkono wa trela hadi nyuzi 100 hadi 150 kabla ya kuanza, uache upoe taratibu bila kumwagia maji. Usimkabidhi mteja siku hiyo hiyo: safisha mshono kwa burashi ya waya, na uukague tena pembeni zote mbili baada ya saa 48.