Kutuma lenzi ya milioni mbili Mwanza: bima na saini ya mpokeaji

Mkuu uliyeanzisha uzi umeuliza hivi: uko Dar, unauza lenzi ya kamera kwa shilingi 2,000,000, mnunuzi yuko Mwanza, mmejuana mtandaoni tu. Yeye anasema weka kwenye basi, nitasaini nikichukua, inatosha. Wewe unataka kujua kama bima ni ya lazima au ni kuchoma hela. Waliotangulia wamekujibu "tuma tu, sisi tunatuma kila siku". Mimi ni mtu wa picha, nauza na kununua vifaa vilivyotumika kwa miaka sasa, ndani na nje ya nchi, na jibu hilo silikubali. Nitakuwa mrefu kidogo, mnivumilie.

Saini inajibu swali moja: mzigo umepokelewa na nani? Bima inajibu jingine kabisa: usipofika, au ukifika umevunjika, nani anatoa hela? Boksi likiyeyuka njiani hakuna wa kusaini, kwa hiyo saini uliyoahidiwa haina kazi. Na mnunuzi akipokea kisha akaruka futi mia, bima haitakusaidia, kwa sababu kwa msafirishaji mzigo umefika salama. Kwa kitu cha bei hiyo unahitaji vyote viwili, na kila kimoja kina namna yake ya kukuangusha usipokisimamia.

Anza na basi, maana ndiko mnunuzi wako anakokusukuma. Unafika Mbezi pale stendi ya Magufuli, kijana wa dirishani anauliza "humu kuna nini?", na kabla hujamaliza kujibu ameshaandika "boksi 1". Jina na simu ya mtumaji, jina na simu ya mpokeaji, nauli ya mzigo, muhuri, anakuchania nakala. Kwenye risiti nyingi pana nafasi ya thamani ya mzigo. Ameiruka. Igeuze risiti, usome zile herufi za kuumiza macho: mara nyingi utakuta kampuni haihusiki na fedha, vito, vitu vya kuvunjika wala vifaa vya umeme ambavyo havikuelezwa, na fidia ina kikomo, pengine nauli uliyolipa mara kadhaa. Sasa kama ulilipa elfu kumi, piga hesabu mwenyewe utarudishiwa nini. Kwa mujibu wa karatasi hiyo wewe ulituma boksi moja, basi.

Mwambie aandike kwa kirefu: lenzi ya kamera, aina yake, namba yake ya utambulisho, thamani 2,000,000. Hapo atapandisha nauli na kumwita msimamizi aidhinishe, au atakwambia "bosi, hivyo hatubebi". Akikataa usigombane naye. Amekupa jibu la swali lako bure kabisa, nawe ondoka na lenzi yako mkononi.

Maelezo hayo yakae kwenye risiti, si juu ya boksi. Kuna watu wanatuma kamera ndani ya boksi lake la kiwandani, picha na jina la kampuni vikiwaka pande zote nne, halafu wanashangaa. Boksi la nje liwe la kawaida, la sabuni au la biskuti, lililofungwa solotepu kila mshono. Ndani weka karatasi yenye majina na simu za pande zote mbili, kwa sababu lebo ya nje hubanduka.

Kuhusu nani anabeba hasara, humu wengi wanaamini mzigo ukipotea njiani ni shauri la muuzaji moja kwa moja. Wengine wanaamini ni la mnunuzi kwa kuwa ndiye aliyechagua basi. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, imekaa kati. Kimsingi muuzaji akimkabidhi msafirishaji mzigo kama mlivyopatana, anahesabiwa amemkabidhi mnunuzi, isipokuwa mmekubaliana vingine. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka muuzaji aingie na msafirishaji makubaliano yanayolingana na aina ya bidhaa. Asipofanya hivyo na mzigo ukapotea, mnunuzi ana haki ya kusema "mimi sijakabidhiwa". Wakenya wana kifungu cha namna hiyo hiyo katika Sura yao ya 31, zote zimechotwa kwenye sheria ya Waingereza ya 1893. Kwa hiyo lenzi ya milioni mbili iliyoandikwa "boksi 1" inakurudia wewe muuzaji. Ukitaja thamani na kulipia ulinzi unaofaa, umetimiza wajibu wako. Kama mnunuzi anang'ang'ania njia rahisi, aandike mwenyewe kwenye WhatsApp: "Nimechagua basi, bila bima, hasara ya njiani ni yangu." Nimeona watu wakibadili mawazo dakika ileile wanapoombwa kuandika sentensi hiyo.

Njia nyingine ni EMS, yaani huduma ya haraka ya Posta, au kampuni za vifurushi zenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Hapa kila kifurushi kina namba ya kufuatilia. Ya Posta ina herufi 2, tarakimu 9, kisha herufi 2 za nchi, TZ kwetu. Herufi ya kwanza inakwambia umelipia nini: E ni EMS, R ni rejista, C ni kifurushi, V ni kile kilichokatiwa bima. Watu wengi wanashika risiti yenye R wakidhani wamekata bima. Rejista inakupa kumbukumbu za kupokelewa na fidia ndogo ya kiwango maalumu, haijali ndani kulikuwa na barua ya harusi au lenzi. Kwa hiyo dirishani usiulize "kuna bima?", maana utajibiwa "ipo". Uliza: mnapokea thamani iliyotajwa kwa njia hii? Mwisho wake kiasi gani? Vioo na vifaa vya umeme vimo au vimetolewa? Nikidai mtataka karatasi gani?

Hilo la kutaja thamani ndilo roho ya mambo yote haya, na kwa wanaotuma nje ya nchi kwa ndege lina tarakimu zake. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya zimo, unaweka ukomo wa fidia ya mzigo wa ndege kwa uzito. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 26 kwa kilo. Kabla ya hapo ilikuwa 22. SDR ni kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, moja inazidi dola moja na robo hivi. Lenzi yako ikishafungwa vizuri ina kilo 2, tuseme. Hizo ni SDR 52, kama dola 70. Lenzi ya milioni mbili, yaani kama dola 770, inalipwa kama kilo mbili za maharage. Mkataba wenyewe unatoa mlango wa kutokea: mtumaji akitamka thamani maalumu anapokabidhi mzigo, na akalipa nyongeza inayotakiwa, ukomo huo unapaa hadi thamani aliyotamka. (Mizigo ya Posta ina kanuni zake chini ya Umoja wa Posta Duniani, usichanganye.)

Hapo ndipo ninapowashangaa wanaoandika "zawadi, dola 20" ili mpokeaji akwepe ushuru. Kwanza ni udanganyifu wa forodha. Pili, kikipotea unadai nini? Karatasi yenye saini yako inasema dola 20, nawe unakuja na picha za WhatsApp kudai 770. Mnunuzi wa nje akikuomba hilo, mkatalie, na kama hataki basi tafuta mnunuzi mwingine.

Wanaosema bima ni ghali wakumbuke almasi ya Hope. Mwaka 1958 sonara Harry Winston aliituma kutoka New York kwenda jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington, kwa posta ya rejista tu, kwenye kifurushi cha karatasi ya kaki. Alilipa dola 145.29. Stempu zenyewe zilikuwa dola 2.44, zilizobaki zote zilikuwa za bima ya kama dola milioni moja. Mwenye mali alijua analipia nini.

Turudi kwenye saini, maana kwetu ina mtego wa S.L.P. Mzungu analetewa mlangoni. Sisi kifurushi kinasubiri kaunta, unapigiwa simu au unaletewa kikaratasi, unakwenda na kitambulisho. Sasa sanduku si lako, ni la shule, la parokia au la ofisi ya kata. Anayekwenda posta ni tarishi na anasaini yeye. Nilimuuzia mwalimu mmoja wa mkoani kamera kwa njia hiyo. Kwenye kumbukumbu imepokelewa, mwalimu anaapa hajaiona, na kila mmoja wetu alishaanza kumwona mwenzake tapeli. Kilichotuokoa ni kwamba karani wa kaunta alikuwa ameandika jina kamili na namba ya kitambulisho pembeni ya saini. Tarishi alikuwa ameikabidhi stoo ya shule pamoja na katoni za chaki, ikakaa humo. Ingekuwa ni ule mchoro wa kalamu tu unaofanana na mnyoo, tungemalizana polisi.

Kwa hiyo ukisema "kwa saini", sema saini ya nani. Andika kwenye lebo jina la mpokeaji kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha NIDA, si "Baba Junior" wala jina la Instagram, na uongeze "akabidhiwe mwenyewe kwa kitambulisho". Uliza pia kama unaweza kupewa nakala ya uthibitisho wa kupokelewa. Wakati wa korona mwaka 2020 kampuni kubwa za Marekani ziliacha kumpa mpokeaji kalamu, dereva akawa anaandika jina mwenyewe. Saini ya namna hiyo ni neno la dereva tu. Na mnaonunua eBay msikasirike muuzaji akidai saini kwa kitu cha dola 750 na kuendelea. Ni masharti ya huko, asipokuwa nayo mnunuzi akisema hakupata, muuzaji ndiye anayeumia.

Na saini inamkata hata anayeisaini. Kwenye ule Mkataba wa Montreal, ukipokea mzigo bila kulalamika, inachukuliwa umefika ukiwa mzima mpaka uthibitishe vinginevyo. Malalamiko ya uharibifu yanatakiwa kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea. Kampuni za ndani nazo zina muda wake, wakati mwingine mfupi zaidi. Mwambie mnunuzi wako asisaini kwa haraka eti foleni ni ndefu. Alitazame boksi pande zote sita, kama limebonyea au solotepu imekatwa na kubandikwa upya, aandike hivyo kwenye karatasi ya kupokelea kabla ya saini yake, na apige picha. Karani akimkatalia kuandika, asichukue. Akishachukua alifungue palepale, simu ikirekodi, na asitupe boksi wala sponji, maana mkaguzi wa madai atavitaka.

Kufunga ni kazi yako wewe. Madai mengi yanakataliwa kwa neno moja, "ufungaji hafifu". Vifuniko vya lenzi mbele na nyuma, ile plastiki ya vipovu ya kutosha, boksi dogo ndani ya boksi kubwa, na nafasi katikati ijazwe mpaka ukitikisa usisikie kitu. Rekodi video moja isiyokatwa: namba ya utambulisho kwenye lenzi, kioo ukikimulika tochi, kufunga, mzani, hadi lebo. Hifadhi na ushahidi wa bei, yaani tangazo lako, mazungumzo ya kupatana na ujumbe wa M-Pesa.

Gharama? Mimi huiweka kwenye bei tangu mwanzo. Mnunuzi akilalamika namwonyesha bei mbili, yenye bima na isiyo na bima, achague kwa maandishi. Kitu cha laki moja na nusu natupa kwenye basi bila wasiwasi, hata mimi sina muda wa foleni. Kwa milioni mbili, hapana.

Kwa hali yako ningefanya hivi: hela yote iingie kwanza, kisha nitumie EMS au kampuni ya vifurushi inayokubali kuandika thamani kamili, akabidhiwe mwenyewe kwa kitambulisho. Wakikosekana wote wawili, subiri mtu mnayemwamini anayekwenda Mwanza, au mnunuzi apande mwenyewe. Risiti ukiipata, ipige picha mbele na nyuma, mtumie mnunuzi kabla hujaondoka kaunta, ili kama jina lake limekosewa lirekebishwe papo hapo.

Halafu tuambie, hiyo S.L.P. aliyokupa ni yake au ya ofisini kwao?