Wadogo zangu, anzeni na palipokwama

"Jana niliendelea na tiketi ya usajili, leo naendelea nayo, sina tatizo." Wiki hii sentensi hiyo nimeisikia kila asubuhi kwenye stendapu, mkutano mfupi wa timu yetu ya kutengeneza programu, kwa sauti ya mtu anayeitika jina darasani. (Tiketi hapo ni kadi ya kazi moja aliyopewa mtu.) Mchana napita, namkuta msemaji kakodolea macho kosa lilelile la juzi. Vijana hawa nawapenda, wanajua mengi kuliko sisi tulivyokuwa tunaanza. Lakini stendapu wanaiharibu vilevile tulivyoiharibu sisi, na siwezi kukaa kimya.

1. Stendapu si ya bosi. Mwongozo wa Scrum, utaratibu wa timu kufanya kazi kwa vipindi vifupi viitwavyo sprinti, uko wazi: dakika 15, kila siku ya kazi, saa ileile, mahali palepale, na mkutano ni wa wasanidi wenyewe. Mnaangalia kama lengo la sprinti bado linafikika, mnapanga kazi ya siku, mnatawanyika. Yale maswali matatu mnayoyakariri (jana nimefanya nini, leo nafanya nini, nini kinanizuia) yalishushwa hadhi kuwa mfano tu katika toleo la 2017, na katika toleo la Novemba 2020 waandishi wake, Ken Schwaber na Jeff Sutherland, wakayatoa kabisa. Timu ichague yenyewe namna ya kuongea. Kwa hiyo ukizungumza, watazame wenzako. Kiongozi akichelewa, anzeni. Nimeona timu nzima imesimama ikichezea simu robo saa eti "tunamsubiri kaka".

2. Sema umekwama kabla ya kusema kingine chochote. Hapa nitakaa kidogo, maana jambo hili lilitokea kwenye timu niliyokuwa naiongoza, na chanzo chake nilikuwa mimi.

Tulikuwa tunamjengea mteja mmoja mfumo wa kuuza tiketi za mabasi, malipo kwa simu, na ilitakiwa uwe hewani kabla ya watu kuanza kusafiri mwisho wa mwaka. Kijana aliyetoka chuo nilimpa sehemu ya kupokea taarifa za malipo: abiria akilipa, kampuni ya simu inaiarifu seva yetu, seva inatoa tiketi. Kwenye mazingira ya majaribio kila kitu kilienda. Kwenye seva halisi, pesa inakatwa, taarifa haifiki. Kila asubuhi akawa anasema, "Naendelea na malipo." Mimi natikisa kichwa, nampa zamu anayefuata.

Siku ya kukagua mfumo na mteja, tiketi haikutoka. Tulipokaa naye baadaye alinifungulia daftari lake. Alikuwa amelipigia mistari vizuri: saa aliyotuma, kiasi, imekatwa au haijakatwa, tiketi imetoka au haijatoka. Ukurasa mzima, shilingi mia mia kutoka kwenye simu yake mwenyewe, na safu ya mwisho yote imeandikwa "hapana". Alikuwa anafanya uchunguzi mzuri kabisa, peke yake, usiku.

Dada anayetunza seva zetu alilitazama daftari, akafungua laptopu, akaangalia faiwoli, yaani kinga inayochagua nani aifikie seva. Anwani za kampuni ya simu hazikuwa zimeruhusiwa. Akaziruhusu. Chai ilikuwa bado ya moto.

"Mbona hukuniambia, mdogo wangu?"

"Dada, nilidhani ni mimi tu sijui."

Wawili hao walikuwa wanasimama bega kwa bega kila asubuhi. Na sababu ya kijana kunyamaza niliijua palepale. Alipokuwa mgeni aliwahi kusema stendapu kwamba amekwama kwenye mgongano wa matawi ya Git (chombo cha kutunza matoleo ya msimbo; yeye na mwenzake walikuwa wamebadili sehemu ileile), nikamuuliza mbele ya wote, "Kwani hujasoma nyaraka?" Wengine wakacheka. Tangu siku hiyo hakukwama tena, yaani hakusema tena. Swali langu moja lilimfunga mdomo, na mteja akazindua mfumo kwa kuchelewa, wakati abiria walishaanza kupanga foleni dirishani. Alitukasirikia, na alikuwa na haki. Nilimwomba kijana radhi kwenye stendapu, mbele ya walewale waliocheka, na tangu hapo mimi ndiye ninayeanza kutaja nilipokwama. Viongozi wa timu, fanyeni hivyo hata kama mnaona aibu. Mdogo hawezi kuwa jasiri kuliko mkubwa wake.

Nanyi wadogo, kukwama kuna namna yake ya kusemwa: kinachogoma, tangu lini, ulichokwisha jaribu, unayemhitaji. Mfano: "Ripoti ya mwezi inachukua dakika nzima kufunguka tangu tulivyopandisha toleo jipya jana. Nimeongeza indeksi, haijasaidia. Kaka wa hifadhidata, naomba dakika 10 tukimaliza hapa." Hiyo ni stendapu. Imekwisha.

3. Pitieni bodi, ubao wa tiketi unaoanza na kazi mpya kushoto na kuishia na zilizokamilika kulia, kutoka kulia kwenda kushoto. Watu wa Kanban, njia ya kusimamia kazi kwa ubao kama huo, mara nyingi wanafanya hivi: kilicho karibu kumalizika kwanza. Mtaona haraka kwamba safu ya ukaguzi imejaa huku kila mtu anafungua tiketi mpya. Kijana mmoja wetu juzi alianza kazi ya tatu wakati msimbo wa dada yake wa meza ya pili unasubiri macho yake tangu Jumatatu. Nimemwambia: kabla hujavuta tiketi, kagua ya mwenzio.

4. Mjadala wa watu wawili uhamie baada ya mkutano. Hili ni letu sisi wazee zaidi kuliko lenu. Wahandisi wawili wakishikana kuhusu muundo wa jedwali, mbunifu na mpima ubora wanabaki wamesimama wakihesabu vigae. Mdogo anaruhusiwa kusema, "Kaka, hilo tulibakize." Hakuna utovu wa adabu hapo. Liandike pembeni ya bodi, wahusika wabaki, wengine waende.

5. Timu zilizotawanyika, angalieni saa. Dar na Nairobi wana saa ileile, Kigali na Bujumbura wako nyuma kwa saa moja mwaka mzima. Mwenzenu wa Berlin yuko nyuma kwa saa moja majira ya joto na saa mbili majira ya baridi, kwa sababu Ulaya inabadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kila Oktoba timu moja inamsubiri mtu ambaye bado anaoga. Andikeni mwaliko kwa saa za Nairobi, kisha kalenda ihesabu yenyewe.

6. Stendapu ya maandishi inafaa mkishakuwa mbali hivyo, lakini iandike asubuhi, kabla hujagusa msimbo. Nikikuta ujumbe wako Slack, programu yetu ya kutumiana ujumbe kazini, saa nane mchana unaosema "leo nitaanza", siku imeshakwenda na aliyekuwa akusaidie ameshaingia mkutano mwingine. Weka namba ya tiketi, na mtaje kwa jina unayemwomba. Ukiandika "kuna anayejua hili?" kila mmoja atadhani mwenzake atajibu. Asipojibu ndani ya saa moja, mpigie simu.