Baba Amekataa Kuongezewa Damu, Nasi Watoto Tumegawanyika

*Shangazi, shikamoo. Baba yangu ana umri wa miaka 71 na amelazwa kwa sababu ya kidonda cha tumbo kinachovuja damu. Daktari anasema hemoglobini yake, yaani ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, imeshuka hadi gramu 5.8 kwa desilita na kwamba anahitaji kuongezewa damu. Baba ana akili timamu, lakini amekataa katakata. Mdogo wake alifariki miaka mingi iliyopita baada ya kuwekewa damu, na tangu hapo hataki kusikia habari hiyo. Kaka yangu yuko tayari kutoa damu yake mwenyewe, na anataka tumwombe daktari amwekee baba akiwa usingizini. Dada yangu anasema tumwachie Mungu. Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza, na wote wananisubiri nitie saini. Nifanye nini?*

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuuguza.

Saini hiyo si yako. Baba anayesikia, anayeelewa anachoambiwa na anayeweza kusema ndiyo au hapana ndiye mwenye mwili, na ndiye mwenye uamuzi, hata pale uamuzi wake unapotuumiza sisi tunaompenda. Simlaumu kaka yako kwa hofu ya kumpoteza mzazi, lakini kumwekea mtu damu akiwa amelala, ilhali alipokuwa macho aliikataa, ni kumdanganya, na daktari mwadilifu hatakubali kushiriki. Tena fikirieni baba akiamka na kuuona mfuko wa damu ukining'inia kando ya kitanda chake: ni nani kati yenu atakayemwamini tena?

Hata hivyo sikuambii ukunje mikono. Katika barua yako yote sijaona mahali ambapo mtu aliketi na baba akamuuliza anaogopa nini hasa. Mmeambiwa amekataa, mkaanza kubishana ninyi kwa ninyi. Muulize habari za mdogo wake, umwache aisimulie yote bila kumkatiza wala kumsahihisha. Huenda marehemu alipewa damu isiyolingana na yake. Huenda alikuwa mahututi tayari na damu ikaja imechelewa, kisha lawama ikabaki kwenye damu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuonekana. Baba amebeba msiba huo kwa miaka mingi, na takwimu za daktari hazitamgusa kabla hajausema. Kama angekuwa anakataa kwa imani, kama wafanyavyo Mashahidi wa Yehova tangu mwaka 1945, mazungumzo yangekuwa mengine kabisa, kwa sababu maelezo ya usalama hayajibu swali la imani. Lakini kwa ulivyoeleza, baba yako anaogopa, na mwenye hofu anaweza kusaidiwa kwa ukweli.

Ukweli huo ausikie kutoka kwa daktari, mbele yake, na si ninyi watoto mwitwe kwenye korido kisha mumpelekee ujumbe. Daktari amweleze kwamba kwa mgonjwa aliye imara miongozo mingi husubiri mpaka hemoglobini ishuke chini ya gramu 7, au 8 kwa mwenye ugonjwa wa moyo, hivyo kwa gramu 5.8, na kidonda bado kinavuja, hakuna aliyeharakisha. Amweleze kwamba Shirika la Afya Duniani linataka damu yote inayochangwa ipimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Nanyi mna haki ya kuuliza kama hiyo atakayopewa imepimwa. Hatari haiishi kabisa, na asiambiwe kwamba imekwisha. Kosa linaloogopwa zaidi ni kumpa mtu damu ya kundi lisilolingana na lake, na mara nyingi husababishwa na majina au sampuli kuchanganywa. Ndiyo maana wauguzi hulinganisha jina na namba ya mgonjwa na zile za kwenye mfuko hapo hapo kitandani. Mwombe muuguzi asome kwa sauti, baba asikie. Kwa umri wake kuna hatari pia ya mwili kuzidiwa na maji na pumzi kubana, kwa hiyo ulizeni kama atapewa mfuko mmoja kwanza, taratibu, kisha apimwe. Mfuko mmoja kwa kawaida hupandisha hemoglobini kwa takriban gramu 1. Dakika 15 za mwanzo huangaliwa kwa karibu, na akihisi baridi, kuwashwa, maumivu ya mgongo au kukosa pumzi, aseme, damu isimamishwe mara moja. Huenda kujua kwamba anaweza kusema "simamisheni" kukampa ujasiri kuliko maneno yetu yote.

Kuhusu damu ya kaka yako, nia yake ni njema, lakini damu ya ndugu wa karibu si salama zaidi kama wengi wanavyodhani. Chembe nyeupe za mtoto zinafanana na za mzazi kiasi kwamba mwili unaweza kushindwa kuzitambua kuwa ngeni, nazo zikaushambulia. Hutokea kwa nadra, lakini huua, na ndiyo sababu damu ya namna hiyo hupigwa mionzi kwanza. Akachangie benki ya damu, imfae mgonjwa mwingine.

Mimi natamani baba akubali. Akishasikia yote na bado akakataa, ulizeni kinachowezekana bila damu: kuziba kidonda kwa kutumia kamera ya tumboni, dawa za kupunguza asidi, madini ya chuma kwa njia ya mshipa, na kupunguza damu inayochukuliwa kwa vipimo. Aambiwe wazi kwamba chuma huchukua wiki kadhaa na kwamba anaweza kufa akisubiri. Kisha muulize swali lililo gumu kuliko yote: akipoteza fahamu, jibu lake litabaki lile lile? Wako wanaosema hapana wakiwa na nguvu, lakini hawataki hapana hiyo iwe neno lao la mwisho. Atakachojibu kiandikwe kwenye faili lake, pamoja na jina la atakayemsemea, na huyo aseme kile ambacho baba angesema, si kile ambacho yeye mwenyewe anakitaka.

Mwambie dada yako kwamba kumwachia Mungu hakumzuii mtu kuzungumza na baba yake. Kidonda kinachovuja hakisubiri, kwa hiyo mwombe daktari leo hii awape nusu saa kitandani kwa mzee, na wadogo zako wawepo wote wawili, ili jibu la baba walisikie kinywani mwake na si kutoka kwako.