Maswali na majibu: Wetherspoon na bia ya bei chee Ireland

Tangu nilipogusia JD Wetherspoon, kampuni ya Uingereza ya baa za bei nafuu iliyovuka bahari na kuingia Ireland, maswali hayakatiki. Nimechagua haya. Ya "baa gani nzuri Dublin" nimeyaacha, kama nilivyokwisha kusema.

Kwa nini painti (glasi kubwa ya bia) ya Wetherspoon ni nafuu kuliko baa ya jirani na bia ni ile ile? Wanaichakachua? – Msomaji, Dublin

Hawaichakachui, na naomba uvumi huu uishie hapa. Tim Martin, mwanzilishi wa Wetherspoon, alifungua baa yake ya kwanza London mwaka 1979, na leo kampuni ina mamia ya baa. Anapokaa mezani na kiwanda cha bia anazungumzia mapipa ya baa zote hizo kwa mkupuo mmoja. Jirani yake anazungumzia mapipa ya wiki hii tu.

Halafu tazama ndani. Muziki hakuna, kwa hiyo hakuna bendi ya kulipwa. Mpira kwenye televisheni ni nadra, wakati mwenye baa wa kawaida analipia ving'amuzi vya michezo pesa zinazomkosesha usingizi. Majengo mengi yalikuwa benki, posta au sinema zilizofungwa. Jiko linawaka tangu asubuhi, na watu wanakunywa kahawa na kula mayai kabla mtu hajagusa bia. Faida ni ndogo kwa kila glasi, lakini glasi ni nyingi.

Anayemwita jirani yule mwizi hajawahi kuona ankara zake. Kabla hujamtukana mtu kwa bei yake, uliza yeye mwenyewe ananunua kwa shilingi ngapi.

Nasikia Wetherspoon ya Ireland haiuzi Guinness. Inawezekana kweli? – Msomaji, Nairobi

Mwanzoni ilikuwa kweli, na hapa ndipo penye kiini cha jambo lote.

Julai 2014 Wetherspoon ilifungua baa yake ya kwanza katika Jamhuri ya Ireland, Three Tun Tavern, huko Blackrock nje kidogo ya Dublin. Guinness haikuwepo kwa sababu hawakuelewana bei na Diageo, wenye Guinness. Wateja waliuziwa bia nyeusi nyingine, Beamish ya mji wa Cork, kwa bei iliyofanya mji mzima uzungumze.

Desemba mwaka huo huo, wakijiandaa kufungua Forty Foot pale Dún Laoghaire, wakagombana na Heineken. Heineken ilikataa kuipelekea baa hiyo bia ya Heineken na ya Murphy's, tena ikataka mkurugenzi mkuu wa Wetherspoon aweke dhamana yake binafsi. Wetherspoon ilijibu kwa kuondoa bidhaa za Heineken katika baa zake zote, za Uingereza zikiwemo.

Wengi walilichukulia kama soga la magazeti. Mimi naliona hivi: bia ya Ireland kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa wakubwa wawili, Diageo na Heineken. Murphy's ya Cork iliingia Heineken mwaka 1983. Beamish, nayo ya Cork, ikafuata mwaka 2008. Wanywaji wa Cork wanaobishana ipi tamu kati ya hizo mbili wanajaza mfuko mmoja. Kampuni yenye mamia ya baa ikikataliwa bei inaweza kugeuka na kuondoka. Bibi mwenye baa moja kijijini Kerry hawezi. Bei ikipanda senti kadhaa anaipokea kama ilivyo, na wewe unamlaumu yeye. Nimeandika mara nyingi na naandika tena: bei ya bia huamuliwa kiwandani, siyo kaunta.

Na ninyi wa Nairobi, Guinness mnayofunguliwa, ya baridi au ya moto, ina mwenyewe pia. Ulizeni nani anapanga bei yake kabla ya kugombana na mhudumu.

Naweza kununua jina la Wetherspoon nifungue baa Galway? – Msomaji, Arusha

Hapana. Karibu baa zake zote inaziendesha yenyewe. Swali hili nimelijibu tayari. Someni kabla ya kuandika.

Kama wana pesa, mbona hawajaijaza Ireland? – Msomaji, Cork

Kwa sababu leseni za baa Ireland hazichapishwi kama risiti. Tangu sheria ya mwaka 1902, ili baa mpya ifunguliwe, leseni iliyopo lazima ife. Sheria ya mwaka 2000 ililegeza kidogo: unaweza kununua leseni ya baa iliyokufa kijijini, ikafutwa, ukapewa yako Dublin. Leseni hiyo ni makumi ya maelfu ya euro, na hujanunua hata kiti.

Ongeza jengo. Keavan's Port, baa na hoteli waliyofungua Camden Street, Dublin, mwaka 2021, iliwagharimu zaidi ya euro milioni 30. Ndani yake kuna hata kanisa dogo la zamani lililogeuzwa ukumbi wa kunywea. Walipoingia walikuwa na ndoto ya baa kama 30. Zaidi ya miaka kumi imepita na hawajafika hata 12.

Nitaongeza ambalo hukuuliza. Kuna ndugu zetu wanaochangishana pesa ili "kushika leseni" Ireland kupitia mtu wanayemjua. Leseni ya baa hupita mahakamani, mbele ya jaji, na ina jina la mtu. Usipokuwa na wakili wako mwenyewe, siyo wa muuzaji, usitoe hata senti.

Je, Wetherspoon ndiyo inaua baa za vijijini? – Msomaji, Limerick

La. Inafungua mijini, mahali penye watu. Baa karibu 2,000 zimefungwa Ireland tangu mwaka 2005, na nyingi zilikuwa zimeshadhoofika kabla Wetherspoon haijakanyaga Blackrock. Kiwango cha pombe kwa dereva kilishushwa mwaka 2011, na kijijini hakuna basi la usiku. Vijana wamehamia Dublin na Sydney. Makopo ya bia ya supamaketi yakahamishia unywaji sebuleni. Mzee aliyekuwa akiendesha gari maili mbili kwenda kunywa painti mbili na kuzungumza na watu sasa anakaa nyumbani peke yake. Hilo linaniuma kuliko bei yoyote. Sheria ya dereva naiunga mkono kwa moyo wote, imeokoa watu. Lakini serikali iliyoiweka ilipaswa kuleta na usafiri.

Anayeumia kwa Wetherspoon ni mwenye baa wa mjini, mlango wa tatu kutoka kwao, anayeuza bia tu bila chakula.

Saa ngapi wanashusha bei? – Msomaji, Dublin

Hakuna saa. Kushusha bei ya pombe kwa muda fulani wa siku kumepigwa marufuku Ireland tangu mwaka 2003.

Wenzangu kazini wananinunulia bia kila Ijumaa na mimi sinywi. Nifanyeje? – Msomaji, Waterford

Dada, sema mapema, kabla ya glasi ya kwanza. Ireland watu hununua kwa raundi: ukipokea, zamu yako inakuja, na anayekwepa zamu husemwa mwaka mzima. Agiza soda au kahawa, na ukitaka kuwanunulia, nunua kwa hiari yako.

Mwanangu ana viza ya mwanafunzi. Wakimpa zamu za baa kila usiku, akubali? – Mama, Mombasa

Asikubali, mama. Akiwa na kibali cha mwanafunzi kinachomruhusu kufanya kazi, mwisho ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na 40 katika likizo zilizotajwa na serikali. Meneja akimwambia "nitakulipa taslimu, hakuna atakayejua", aondoke siku hiyo hiyo, maana kibali kitakachofutwa ni cha mwanao.